Nusu Saa kwa Siku

Vijana wa siku hizi wakikaa kuzungumzia gemu, la kwanza wanaloulizana ni saa. Ile ina saa mia. Hii ina saa mia mbili, na bado hata hujafika baharini. Mimi huwasikiliza, nakunja uso, kisha namkumbuka Shangazi Hisae na hasira zinaniisha. Kama si yeye, nami ningewaibia watu saa hamsini na tatu za maisha yao, tena ningejiona nimewafanyia hisani.

Jina lake kamili ni Hisae Kuramochi. Aliajiriwa kwetu mwezi wa nne mwaka 1995, kibarua cha siku nne kwa wiki, saa nne asubuhi hadi saa tisa. Ofisi yetu ilikuwa ghorofa ya tatu, juu ya karakana ya mbavu za miavuli, mashariki mwa Osaka, na tulikuwa watu kumi na mmoja. Mimi nilikuwa mwandishi wa hadithi za gemu, kijana wa miaka ishirini na sita mwenye nywele ndefu na kiburi kifupi. Yeye alikuwa amefanya kazi miaka kumi na tisa kiwandani akikagua skrubu, na alikuwa hajawahi kushika pedi ya kuchezea gemu maishani mwake. Siku ya pili tu sote tulikuwa tunamwita Shangazi.

"We Nagase, umekula?" ndiyo ilikuwa salamu yake. "Una sura kama tofu iliyosahauliwa dirishani."

"Nimekula, Shangazi."

"Umekula nini, wino? Shika." Na chenza inatua mezani.

Kazi yake ilikuwa kadi. Ndani ya kila sanduku la gemu tuliweka kadi ya posta. Mchezaji anaandika jina, umri, kazi na maoni yake, na anazungushia duara neno moja kati ya matatu kuhusu urefu wa gemu: fupi mno, sawa tu, ndefu mno. Akiituma kabla mwezi wa gemu kutoka haujaisha, anaingia kwenye bahati nasibu ya kadi za simu zenye picha ya joka. Kampuni nyingi zilifanya hivyo. Zetu zilifika kwa magunia, na mtu wa kuzisoma hakuwapo hadi alipokuja yeye. Alizisoma zote, moja baada ya nyingine, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua. Kisha alizipanga ndani ya makopo ya biskuti kwa tarehe ya muhuri wa posta. Tulimcheka kwa hilo. Alisema kiwandani skrubu zilipangwa kwa siku zilipotengenezwa, ili zikivunjika ujue ni nani alikuwa amesinzia.

Bosi wetu, Doi, kabla ya gemu alikuwa akiuza magodoro kwa jumla, na gemu nazo alitaka kuziuza kwa unene. Gemu yetu ya joka ilikuwa ya saa arobaini na tano. Kadi zake zilizidi elfu nne, na karibu zote zilisifu. Bosi akachota za juu juu, akazisoma akitabasamu peke yake, akatoka chumbani kwake akipunga mkono.

"Wamependa! Hakuna anayelalamika urefu! Inayofuata iwe saa themanini. Na tutaandika juu ya sanduku, saa themanini, kwa rangi ya dhahabu!"

Inayofuata ilikuwa yangu. Ilimhusu msichana anayerudisha kengele kwenye kijiji cha juu mlimani. Mwisho wake niliuandika kabla ya mwanzo: msichana anafika kileleni, anageuka, na kioo kizima cha runinga kinaonyesha njia yote aliyopita, mashamba, mto, madaraja, hadi mlango wa nyumba alikotokea. Mchezaji anabonyeza kitufe, kengele inalia mara moja, basi. Kwa mwendo wa kawaida ilichukua saa ishirini na saba, na nilijua moyoni kwamba hapo ndipo penyewe. Lakini nilikuwa mwoga. Nikaenda mezani kwangu nikaanza kurefusha. Maadui niliwapa nguvu maradufu. Nilivunja madaraja matatu ili msichana arudi nyuma kuzunguka. Nilificha funguo thelathini, kila moja mbali na mlango wake, na jioni nilikuwa naona aibu kwenda nyumbani.

Hapa nikuambie jambo ambalo mimi mwenyewe nililijua baadaye, ili usihangaike kama nilivyohangaika mimi. Shangazi alikuwa na mume, Masuo, dereva wa basi la mjini. Mwaka uliotangulia Masuo alikuwa ameondolewa kwenye usukani kwa sababu ya macho. Ugonjwa wake unakula pembeni kwanza, mtu anabaki kuona katikati tu, kama anayechungulia kwenye bomba, na bomba lenyewe linazidi kuwa jembamba. Daktari alikuwa amewaambia wazi kwamba yakipita majira mengine ya kuchanua maua ya mcheri, wasiyategemee sana macho hayo. Macho yake yalichoka upesi, hivyo waliwekeana sharti la nusu saa ya runinga kwa siku. Mkewe alimletea gemu zetu, kaseti za bure za wafanyakazi, na yule mzee aliyeendesha basi miaka thelathini kwenye njia ileile akazipenda mno, kwa kuwa humo angeweza kwenda asikokujua. Alianza mbili. Hakumaliza hata moja. Ile ya joka iliishia mikononi mwake kwenye saa ya thelathini na kitu, macho yakaungua, akaacha, na aliporudi alikuwa amesahau anakokwenda. Alimwambia mkewe, "Mama, kabla sijafunga duka, nataka nione mwisho wa kitu kimoja tu."

Hayo Shangazi hakumwambia mtu ofisini. Aliniuliza tu, siku moja tukila mchana, "Hiyo yako ya kengele, mtu akicheza nusu saa kwa siku, atafika lini?"

Nikapiga hesabu. "Kwa saa themanini? Siku mia moja na sitini."

"Na kabla hujaanza kuvunjavunja madaraja?"

"Hamsini na nne."

Aliendelea kumenya chenza. Aliondoa nyuzi zote nyeupe, moja moja, kazi ambayo sikuwa nimewahi kumwona akiifanya. "Hamsini na nne," alisema, akaniwekea chenza yote bila kula hata kipande.

Mkutano ulikuwa Jumatano asubuhi. Bosi alikuwa ameanza kueleza rangi ya dhahabu pale Shangazi alipoingia na sinia. Tulidhani ni chai. Yalikuwa makopo sita ya biskuti.

"Shangazi, tuko kwenye mkutano," Bosi akasema.

"Naona. Ndiyo maana nimekuja sasa, nikija baadaye mtakuwa mmeshamaliza." Akayapanga makopo mbele yake. "Bosi, gemu ya joka ilitoka tarehe ngapi?"

"Ishirini na mbili."

"Na mwisho wa kadi za bahati nasibu?"

"Thelathini na moja. Kwani nini?"

"Kopo hili ni tarehe ishirini na nne. Hili ishirini na sita. Haya matatu hayafungi, ni siku za mwisho wa mwezi. Na hili," akalitikisa, likalia kama lina kokoto mbili, "ni kadi zote zilizokuja baada ya hapo. Sitini na moja."

"Basi? Watu wanataka zawadi, wanatuma mapema."

"Ndiyo hivyo. Wametuma ndani ya siku tisa. Mtoto anacheza saa moja kwa siku, mama yake amemsimamia na mwiko. Siku tisa ni saa tisa. Gemu yako ina saa arobaini na tano. Hawa wanausifu mlango, Bosi, ndani hawajaingia."

Elfu nne zile tulikuwa tumezibeba kama vyeti vya shule. Bosi akachukua kadi, akasoma, akachukua nyingine. Zote zilimtaja mfalme wa vyura. Mfalme wa vyura yuko kwenye saa ya nne.

"Hukuajiriwa kupanga gemu," Bosi akasema, shingo imeanza kuwa nyekundu. "Umeajiriwa kusoma kadi."

"Nami nimezisoma zote. Wewe je?"

Mtu mmoja akakohoa. Mimi nilitazama meza. Ilikuwa gemu yangu inayopiganiwa, na aliyekuwa akiipigania ni mama wa kibarua, huku mimi nimefunga mdomo. Sijasahau.

"Kuna jambo jingine nimefanya bila ruhusa," akaendelea. "Mwezi uliopita niliwaandikia arobaini kati yao kadi za kuwauliza walifika wapi. Thelathini na mmoja wamenijibu. Waliomaliza ni wanne. Huyu amesema alichoka kwenye mapango. Huyu ameuza kaseti akanunua viatu. Huyu maskini, mama yake alikuwa anafagia na mashine ya kufyonza vumbi, ikagonga mtambo wa gemu, kila kitu kikafutika akiwa saa ya thelathini na nane. Anasema hakuwa na moyo wa kuanza tena. Nimemtumia pole."

Tukacheka, maana kila mmoja wetu alikuwa na mama na mashine ya kufyonza vumbi. Hata Bosi alitaka kucheka, akajizuia.

"Bosi, nikuulize na wewe," Shangazi akasema, sasa kwa upole. "Ya joka uliimaliza?"

"Mimi nina kampuni ya kuendesha."

"Najua. Ulifika wapi?"

Bosi alijikuna sikio. "Kwenye mnara."

"Mnara upi?"

"Wa kwanza."

Mnara wa kwanza uko nyuma tu ya nyumba ya mfalme wa vyura. Kicheko kilichotoka mle ndani kiliwafanya mafundi wa miavuli chini wanyamaze. Bosi alicheka wa mwisho, na alicheka zaidi ya wote, hadi akavua miwani. Nampa heshima yake kwa hilo. Wapo ambao wangemfukuza kazi mchana uleule. Yeye alisukuma kopo la kadi sitini na moja kuelekea kwangu, akasema, "Nagase, rudisha saa ishirini na saba. Kwenye sanduku hatuandiki saa yoyote. Na kadi mpya iongezwe swali: umefika wapi?"

Nilimfuata Shangazi jikoni nikainama hadi nywele zikagusa ndoo. Nikamshukuru, nikamwomba radhi kwa kunyamaza.

"Inuka, utadondosha nywele kwenye chai," akasema. "Uliogopa. Mimi nina miaka hamsini na tano, nikiogopa leo nitajasiri lini?"

Nikarudi nikaondoa maadui wa ziada, funguo thelathini, na madaraja mawili yaliyovunjika. La tatu nililiacha. Nilikuwa nimelizoea. Nilikuwa nimemweka pale mwanamke muuza chumvi anayesimama kando ya mto, ambaye ukizungumza naye mara tatu, siyo moja, anakuonyesha kivuko. Niliona ni ufundi mkubwa. Nikajiambia haitaongeza hata saa nzima.

Gemu ilitoka mwishoni mwa Novemba. Iliuzika vizuri, siyo ya kupigiwa ngoma, lakini mishahara ililipwa na Bosi alinunua hita mpya. Mwezi wa kwanza, baada ya mapumziko ya mwaka mpya, Shangazi aliniita kwao Jumapili. "Njoo ule tambi. Na mume wangu anataka kuona mtu anayeandika mambo haya ana sura gani."

Nyumba ilikuwa ndogo na ndefu. Runinga ilikuwa chumba cha mbele, lakini mzee hakukaa mbele yake. Alikuwa ameketi mwisho kabisa wa ukumbi, mgongo umegusa mlango wa choo, na waya wa pedi ulikuwa umeungwa mara mbili kwa utepe. Mwenye macho mazima angesema ni kichaa. Lakini kwa anayeona kwa bomba, ukiwa karibu unaona pua ya msichana peke yake, ukiwa mbali runinga nzima inaingia ndani ya tundu. Alinieleza hivyo hivyo, kwa sauti ya mtu anayetangaza vituo. Na ndipo nilipojua yote.

"Kwa hiyo wewe ndiye Nagase," akasema. "Nimeenda vizuri sana. Siku ya hamsini na mbili nilikuwa naona mlima. Leo ni ya sitini."

"Na uko wapi?"

"Kwenye daraja la tatu. Siku ya nane hapohapo. Yule aliyelivunja hilo daraja, nikimpata, nitamshusha njiani bila nauli."

"Ni mimi, Mzee."

Akacheka kwa nguvu. "Loo! Basi kaa hapa karibu, uione kazi yako."

Shangazi akageuza saa ya jikoni, ile ya kupimia mayai, dakika thelathini. Nami nikakaa sakafuni kando ya yule mzee nikamtazama akizunguka. Alipanda kilima, akashuka. Alirudi hadi kijiji cha wahunzi, akauliza watu walewale, akarudi mtoni. Alipita mbele ya muuza chumvi mara nne. Mara ya kwanza alisimama akazungumza naye, yule mama akasema chumvi imeisha, Masuo akaenda zake. Sijawahi kukaa dakika thelathini ndefu namna ile. Kila dakika niliyoiweka pale kwa ufundi wangu niliiona ikitoka machoni mwake.

"Mzee, nikuambie?"

"Thubutu! Ukiniambia, atakuwa amefika Nagase. Mimi nitakuwa nimebebwa tu."

Saa ya mayai ikalia. Akahifadhi mchezo, akafumba macho, akayakanda kwa vidole.

Jikoni nilimwambia Shangazi, "Nitatengeneza kaseti nyingine, nitalijenga hilo daraja kesho asubuhi."

"Ataijua. Ameendesha basi miaka thelathini, akikuta barabara imenyooka ghafla atajua." Akachota tambi kwenye bakuli. "Usijitese. Kadi nimezisoma."

Tulipokuwa tunakula, miguu chini ya blanketi la meza yenye hita, akasema kama mtu anayesimulia habari za sokoni, "Mzee, yule mwanamke wa chumvi mbona ananiudhi. Kila siku chumvi imeisha, na kila siku yuko palepale. Mtu asiye na bidhaa anasimama mtoni kufanya nini?"

"Nani amekuuliza wewe?" Masuo akasema. "Gemu yenyewe huijui."

"Siijui, nimesema tu."

Alivuta tambi kwa kishindo. Kisha vijiti vikasimama hewani kwa muda, akaendelea kula. Baadaye, akinisindikiza mlangoni, Shangazi aliniambia kwamba watu kumi na wawili walikuwa wamelalamika kwenye kadi kuhusu daraja lile, na mmoja wao, muuguzi wa Nara, alikuwa ameandika kwa hasira kwamba alimsemesha yule mwanamke mara tatu kwa kuudhika tu. Nilishuka ngazi nikiwa nalia, na sioni aibu kulisema.

Wiki ikapita, na nyingine. Sikuuliza. Kila alipofungua mlango nilimtazama usoni, naye ananiuliza kama nimekula. Nilijifunza kuogopa theluji, maana siku za mawingu macho ya Masuo yalikuwa mabaya zaidi, na mwaka ule Februari ilikuwa ya kijivu.

Jumanne moja Shangazi aliletewa mfuko wa posta kama kawaida. Alikaa, akavaa miwani, akaanza kupanga. Kisha akainuka. Akaja mezani kwangu akaweka kadi moja mbele yangu, akarudi kwake. Ilikuwa na stempu na muhuri wa ofisi ya posta ya mtaa wao, wa siku iliyotangulia. Alimlazimisha mumewe aipeleke mwenyewe kwenye sanduku la posta, niliambiwa baadaye, maana kadi ambayo haijapita posta haina tarehe, na isiyo na tarehe hajui aiweke kopo gani.

Masuo alipoteza mwanga kabisa msimu wa majani kuanguka. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya hapo, akajifunza kukanda watu misuli, na inasemekana hakuna mteja aliyetoka kitandani pake bila kusimuliwa mlima, njia, na mlango wa nyumba ulioonekana kwa mbali. Shangazi alibaki nasi hadi tulipofunga ofisi. Gemu nimeandika nyingine tisa, na kila moja, kabla sijaitoa mikononi, naihesabu kwa nusu saa. Ikizidi siku sitini naanza kukata, na ninapokata naona mikono yake ikiondoa nyuzi nyeupe za chenza. Nimeshukuru watu wengi maishani kwa maneno. Yeye namshukuru kwa kazi.

Kadi ninayo bado. Herufi zake ni kubwa, zinapandana, mstari wa mwisho umetoka nje ya kadi.

Jina: Masuo Kuramochi. Umri: 58. Kazi: dereva wa basi, zamani.

Umefika wapi? Mwisho. Siku ya sabini na moja.

Urefu wa gemu: amezungushia *fupi mno*.

Maoni mengine: Kengele nimeipiga mwenyewe. Nimeiona njia yote mpaka mlangoni. Nilitaka kuendelea. Asanteni kwa kuniachia hapo.